Stara ya Nani?

Katika Kamen no Kokuhaku (1949), yaani ungamo la kinyago, Yukio Mishima alimchora kijana, mfano wa nafsi yake, anayependa wanaume na kuificha siri hiyo wakati wa vita. Daktari wa jeshi anamdhania ana kifua kikuu, naye ananusurika kwenda vitani. Anayeficha ndiye anayesimulia, na gharama ya siri anailipa mwenyewe.

Abdulrazak Gurnah, katika Afterlives (2020), ameshika njia nyingine. Vita vyake ni vya 1914 hadi 1918, vile vilivyopita Kilosa, iliyotwaliwa na majeshi ya Waingereza Agosti 1916, kisha vikashuka kusini upande wa Mikumi na Mto Ruaha. Hamza, askari kijana, anafanywa mtumishi wa ofisa wa Kijerumani. Ofisa anamfundisha lugha yake apate kumsoma Schiller, anamkazia macho, wenziwe Hamza wanadhihaki. Ofisa mwenyewe haupi mvuto huo jina.

Sisi wa pwani twapenda fumbo, na ukimya wa namna hiyo twauita stara. Lakini inamsitiri nani? Ofisa anabaki na cheo chake. Upanga wa sajini mwenye chuki unamwangukia Hamza. Siri ni ya mkubwa, kovu ni la mdogo.

Hapo ndipo ulipo ubora wa Gurnah: mkubwa twamwona kwa macho ya kijana asiyeweza kukataa. Nasi tutungao kwa mafumbo tujiulize kila mara fumbo letu linamfunika nani.