Seyyid Said Alifutwa kwa Nini?

Kumfuta Seyyid Said katika *Kinjeketile*, tamthilia ya Vita vya Maji Maji, ni kosa, na Jumamosi tulilipia kosa hilo mpaka taa za mwisho zilipozimwa. Mliokuwa ukumbini mnakumbuka. Kinjeketile anatoka majini, nguo zake kavu, watu wamepigwa na butwaa, anatabiri kwamba makabila yataungana na Mjerumani atafukuzwa. Papo hapo, katika pumzi ileile, mwandishi Ebrahim Hussein alimpa maneno machache ya ziada: kwamba watu hawa watakuwa watoto wa Seyyid Said, yule Sultani Mwarabu wa Zanzibar. Mwongozaji ameyakata. Mahali pake tukapewa ngoma tatu, taa ya buluu na moshi wa mashine.

Maneno hayo yanafanya kazi gani? Aliyepagawa hutamka asichokijua. Fahamu zikimrudia, Kinjeketile anakuta kinywa chake mwenyewe kimeahidi kumtoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine. Hapo ndipo anapoanza kumshuku Hongo, pepo aliyempagaa, kuyashuku maji aliyowapa watu kuwa kinga ya risasi, kutaka vita visubiri, na watu wameshasikia, hawasubiri tena. Tamthilia nzima inaning'inia kwenye bawaba hiyo moja.

Jumamosi bawaba haikuwepo, kwa hiyo mwigizaji alibebeshwa shaka isiyo na chanzo. Mlimwona alipobaki na Kitunda, kiongozi mwenzake: akashika kichwa, akaenda kushoto, akarudi kulia, akapandisha sauti. Mama aliyekaa nyuma yangu alimuuliza mwenzake kama yule bwana ni mgonjwa. Simlaumu mwigizaji, amenyang'anywa sababu, akabaki na mikono. Gerezani mambo yakawa mabaya zaidi. Pale anapokataa kutangaza kwamba maji yalikuwa uongo, tulipaswa kumwona mtu ambaye imani yake imeshatoboka, anayejua hata hivyo kwamba neno alilolitoa limeshika njia yake na halirudishiki. Tulichoona ni shujaa wa bango, kifua mbele, hana jambo la kupigana nalo moyoni.

Kitunda alikuwa imara, na Bibi Kinjeketile alivyosubiri kando ya mto bila kusema neno ilikuwa kazi nzuri.

Jumatatu mwongozaji alikuja darasani kwetu kujibu maswali. Alisema sentensi ile inawachanganya watazamaji wa leo, tena inakata kasi ya ngoma. Mimi nimetoka Kabambare, Maniema ya Kongo, kuja Dar es Salaam kusomea sanaa hii, na naweza kumhakikishia kwamba kwetu haimchanganyi mtu. Kasongo, jirani yetu, ilikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na Kiswahili ninachokiandika kilivuka Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya watu wa Pwani. Kasongo ikatekwa na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji mwaka 1893. Kinjeketile anaogopa kumtoa Mzungu na kumpokea Mwarabu. Sisi Maniema aliyetolewa ni Mwarabu, na aliyeingia ni Mzungu na mpira wake. Mzee wa kwetu akiisikia sentensi ile atakaa sawasawa kwenye kiti.

Na maji? Mwaka 1964 waasi wa Kongo walioitwa Simba waliingia Kindu, kisha Kisangani, wakipaza sauti "Mai Mulele", wakiamini risasi haitawapata. Mpaka leo misituni kwetu wapo wanaojiita Mai-Mai. Kwa hiyo sihitaji taa ya buluu kuniambia kwamba maji yana nguvu. Ninachokitafuta jukwaani ni mtu aliyewapa wenzake maji, kisha akabaki macho usiku kucha akijiuliza amewapa nini. Hussein ameniandikia mtu huyo, na mwongozaji amemfunika moshi. Nimeshalalamikia mashine ya moshi katika safu hii na nitaendelea: inaingia kila mahali ambapo mwongozaji ameogopa ukimya.

Darasani kuna wanaodhani ufundi huu wa kuining'iniza tamthilia kwenye neno moja tumeazima kwa Brecht, mwandishi wa tamthilia wa Berlin. Hussein alikwenda kusoma Berlin, Chuo Kikuu cha Humboldt, ndiyo, lakini *Kinjeketile* ilikuwa imeshachapishwa mwaka 1969, kabla hajaenda. Na wale mabingwa wa maigizo wa Lubumbashi, Mufwankolo na kundi lake, waliujua ufundi huo bila hata karatasi. Mwaka 1986, mwanaanthropolojia Johannes Fabian akiwa nao, waliichukua methali moja ya kwao juu ya mamlaka, wakaijadili, wakakubaliana kisa na mpangilio wa maonyesho, kisha kila mtu akatafuta maneno yake kwa Kiswahili cha mjini kwao. Maneno yaliweza kubadilika kutoka zoezi moja hadi jingine. Lakini kundi linalojenga mchezo kwa makubaliano lazima lijue ni neno gani mwenzao analingojea ili onyesho ligeuke, kwani asipolisikia atakwama mbele za watu. Hawa wetu wana kitabu kizima mkononi na bado wamelipoteza neno hilo.

Ijumaa wanarudia. Nilimuuliza mwigizaji kama alikuwa ameishika sentensi ile kabla haijakatwa. Akaisema yote palepale kwenye ngazi, bila kukwama, kwa sauti ya chini kabisa, na wanafunzi wawili waliokuwa wakishuka wakasimama kumsikiliza. Basi irudishwe, isemwe kwa sauti ileile, na ngoma zisubiri mpaka amalize.