Foto ya kinga na foto ya vita

Mwaka wa 2025 vita ilipita tena katika Masisi na Walikale. Mwezi wa kwanza kikundi cha M23 kilikamata Masisi-centre, na mwisho wa mwezi ule kikaingia Goma. Mwezi wa tatu kikafika hata Walikale-centre, kikatoka tena mwanzoni mwa mwezi wa ine. Watu walikimbia na godoro, sufuria, na mtoto mgongoni. Foto zilibaki ukutani.

Siku zile katekista mmoja alikuja kwangu na telefone mkononi. Akasema: «Padri, kesho tunazika kijana wetu. Jamaa hawana foto ya kuweka mbele ya sanduku, ila hii iliyokuwa kwa rafiki yake.» Katika foto ile vijana watatu wamesimama na kinga moja, ndiyo baisikeli. Tukawakata wale wawili, marehemu akabaki peke yake. Lakini mkono mmoja ulibaki juu ya bega lake, mkono usio na mwenyewe. Katika kilio watu waliuona, na wengi walijua ni wa nani.

Tangu siku ile ninajiuliza: foto gani inasema kweli juu ya inchi yetu? Ni zile za vita ambazo ulimwengu wote unazijua, ao ni hii ya vijana watatu na kinga? Nitajaribu kupima zote mbili bila upendeleo.

Tuanze na foto za wageni, na tuchukue zilizo bora, maana kuhukumu kazi mbaya ni kitu chepesi. Tangu mwaka wa 2010 Richard Mosse, mtu wa Irlandi, alitembea katika Kivu na filimu ya Kodak iitwayo Aerochrome. Filimu ile ilikuwa na kazi katika jeshi: ilisaidia kumwona kutoka ndege adui aliyejificha chini ya matawi. Inapokea mwangaza ambao macho yetu hayawezi kuuona, na majani mazima yanatoka mekundu, ao rangi ya waridi. Basi vilima na misitu ya Kivu vikageuka vyekundu hivi. Mwaka wa 2013 kazi yake yenye jina la The Enclave ilionyeshwa Venise, na watu wa Bulaya wakaisifu sana.

Nami ninaisifu kwa mambo mawili. Kwanza, haidanganyi: hakuna mtu atakayeamini kwamba kilima kina rangi ile, kwa hiyo kila mtu anajua kwamba anaangalia foto, si Masisi yenyewe. Pili, watu waliokwisha kuchoka na habari za vita yetu walilazimishwa kuangalia tena.

Lakini ninaona kasoro kubwa. Rangi inasema kwanza, uso wa mtu unasema nyuma. Mtu wa Masisi akiangalia kilima anaona majani ya ng'ombe, maziwa na jibini, anaona mpaka wa shamba ambalo ndugu wawili wanagombania. Katika foto ile nyekundu hawezi kutambua hata shamba la baba yake. Ilitengenezwa kwa macho ya watu wa mbali. Si zambi, lakini sharti tuijue hivyo.

Sasa tuchukue foto ya kinga. Mmeiona katika kila nyumba, Masisi, Nyabiondo, Walikale, Mubi. Kijana anashika usukani, mwenzake anaweka mkono juu ya kiti, wa tatu anasimama nyuma. Mashati yamepigwa pasi. Hakuna anayecheka, kwa sababu foto ni jambo la heshima. Mara nyingi kinga haitembei: imesimama kama ng'ombe wa mahari, watu wapate kuihesabu.

Mapadri wenzangu wengine wanasema: «Foto hizi ni uwongo. Kinga ni ya kuazima, saa ni ya kuazima, hata miwani.» Ni kweli, mara nyingi ni ya kuazima. Lakini mliulize jambo moja: nani aliyeazima? Ni yule anayesimama pembeni. Ametoa mali yake, akamwachia mwenzake usukani, naye akakubali kuonekana kama mtu wa pili. Hakuna aliyedanganywa, maana wale watakaotazama foto wanajua kinga ni ya nani. Basi foto ile haionyeshi utajiri. Inaonyesha urafiki, na urafiki ule ulikuwa kweli.

Tena jambo hili si la kwetu tu. Jean Depara alinunua mashini ndogo ya foto mwaka wa 1950 juu ya ndoa yake mwenyewe. Alikuwa akitengeneza viatu, saa na kinga. Foto ikawa kazi yake baadaye huko Kinshasa, wakati ilipokuwa ingali Léopoldville, akapiga vijana wa mji, baa zao na wanamuziki wao. Bamako, katika inchi ya Mali, Malick Sidibé alikuwa akienda usiku kwa kinga toka karamu moja mpaka nyingine, apige vijana wakicheza. Kisha alibandika foto ndogondogo juu ya karatasi, akaziweka mbele ya studio yake. Vijana walikuja, wakajitafuta, wakachagua, wakanunua. Mwaka wa 2007 mji wa Venise ulimpa Simba wa Zahabu juu ya kazi ya maisha yake yote, na kabla yake hakuna mpiga foto aliyepata zawadi hiyo.

Angalieni tofauti. Mosse na Sidibé walionyeshwa katika mji uleule. Lakini foto za Sidibé, kabla ya kufika Venise, zilikwisha kupita mikononi mwa wale walio ndani yake. Walizihukumu wao kwanza. Kwangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha foto: je, mtu aliye ndani yake anaweza kuiona, kuikubali ao kuikataa, na kuiweka nyumbani kwake?

Hata hivyo nisifunike makosa ya foto ya kinga. Kosa la kwanza: inaficha kazi. Katika vilima vya Masisi chombo kinachobeba mzigo ni chukudu, kinga ya mbao isiyo na kanyagio. Inatelemka kwenda Goma na makaa, viazi na mbao, na mwenyewe anaegemea juu yake kwa goti moja. Goma wameisimamishia sanamu ya rangi ya zahabu katika rond-point. Lakini nani kati yetu amekwisha kusimama karibu na chukudu yake, akamwita mpiga foto? Wageni wanapiga chukudu, sisi tunapiga kinga na moto. Vilevile Walikale: wale waliopita njia ya msitu na mfuko wa cassitérite ya Bisie kichwani hawakujipiga foto na mfuko. Walingoja kufika, wakaoga, wakavaa shati. Ninawaelewa. Lakini mtoto wao atajuaje kazi iliyonunua shati lile?

Kosa la pili: wasichana wako wapi? Mama anapita njiani na mzigo wa mihogo, na wageni wanampiga bila kuuliza jina lake. Sisi wenyewe tunampiga siku ya ndoa na siku ya ubatizo tu. Urafiki wa wasichana wawili wanaotoka kisimani haupati foto.

Basi kati ya foto ya wageni na foto yetu kuna nafasi tupu. Siku hizi wako watu wanaojaribu kuijaza. Mwaka wa 2012 Peter DiCampo na Austin Merrill, Waamerika wawili, walikuwa Côte d'Ivoire wakitafuta habari za vita. Wakaanza kupiga kwa telefone zao mambo ya kila siku waliyoyaona njiani. Hivyo ikazaliwa kazi iitwayo Everyday Africa, na wapiga foto wengi wa Afrika wakaingia. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia, Finbarr O'Reilly, aliyepewa zawadi ya Carmignac juu ya kazi katika Kongo, aliwaita wapiga foto wa Kongo wenyewe. Ndiyo Congo in Conversation. Kati yao walikuwa vijana wanaoijua Goma tangu ndani: Ley Uwera, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo, Arlette Bashizi. Hawa hawafichi vita wala kazi. Lakini wanajua lugha ya yule wanayempiga, na kesho watakutana naye sokoni. Mpiga foto anayeogopa kukutana kesho na mtu wake amekwisha kujihukumu.

Sisi nasi tujiangalie. Fungueni albumu za paroisi zetu. Askofu anafika, askofu anabariki, askofu anakula. Upadirisho, jubilei, jiwe la msingi. Katika foto za zamani za misioni chini yake mara nyingi imeandikwa tu «katekista na watoto». Tunalaumu wageni kwa kupiga watu wasio na majina, na sisi tunafanya hivyohivyo katika masanduku yetu. Tena wakati wa kugawa chakula kwa wakimbizi tunainua telefone mbele ya mama anayepokea unga. Anaweza kukataa namna gani? Mikono yake imejaa unga.

Kwa hiyo ninawaomba wakatekista na mafrateri mambo matatu. Moja: kabla ya kupiga, ombeni ruhusa na jina. Mbili: nyuma ya kila foto andikeni majina ya wote, toka kushoto, na mahali, na mwaka. Tatu: mrudishe foto kwa mwenyewe. Foto iliyo katika nyumba moja inaungua na nyumba ile. Iliyo kwa marafiki watatu inaweza kuponea kwa mmoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu: kwake hakikubaki kitu, lakini rafiki alikuwa ameshika.

Baada ya maziko mama yake alikuja kunishukuru. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini tuliwakata wengine. Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimefikiri kwamba maiti anataka kuonekana peke yake. Tukaichapa tena foto nzima, vijana watatu na kinga yao, na katekista akaandika majina nyuma. Mwenye mkono ule yu hai, na kinga, kama nilivyoambiwa, ilikuwa yake.