Slack na akili mnemba: kazi iko kwenye ruhusa

Timu iliyofanya kazi kwenye Slack kwa miaka kadhaa ina majibu mengi kuliko inavyodhani. Kwa nini malipo yaligoma Ijumaa ile, nani aliidhinisha bei mpya, mteja wa Mwanza alilalamikia nini hasa: yote yameandikwa, na karibu yote yamezama. Utafutaji wa kawaida hulinganisha maneno kwa herufi zake, na hapo Kiswahili ndicho kinachoumia zaidi. Ukitafuta "malipo" hupati "hatujalipwa", hupati "wamelipia", wala "amelipishwa mara mbili". Viambishi vyetu hukaa mbele ya mzizi na nyuma yake, na mtambo uliozoea Kiingereza hauoni kwamba watu wanazungumzia jambo moja.

Ndiyo maana ofisi nyingi sasa zinataka kuiunganisha Slack na mtambo wa utafutaji unaotumia akili mnemba: unauliza kwa sentensi, unajibiwa kwa sentensi, na chini ya jibu unaonyeshwa ujumbe lilikotoka. Mbinu yenyewe inafahamika. Mtambo hutafuta kwanza ujumbe unaohusika, kisha huikabidhi modeli ya lugha iandike jibu kutokana na ujumbe huo tu. Lakini uzuri au ubaya wa kazi hii huamuliwa kabla modeli haijaguswa. Huamuliwa pale unapochagua nani asome nini.

Slack hutoa funguo za aina mbili zinazohusika hapa. Tokeni ya boti huanza na xoxb, na ya mtumiaji huanza na xoxp. Boti husoma historia ya chaneli ilizoingizwa, basi. Tokeni ya mtumiaji huona kile anachokiona mwenyewe, pamoja na mazungumzo yake ya faragha ukiiruhusu. Ruhusa nazo zimegawanywa: channels:history ni ya chaneli za wazi, groups:history ya chaneli za siri, im:history ya ujumbe wa mtu na mtu. Kishawishi ni kuzichagua zote siku ya kwanza ili mtambo "ujue kila kitu". Msifanye hivyo. Anzeni na chaneli za wazi peke yake. Maarifa mengi ya kazi yapo huko, na hakuna siri ya mshahara wala ya ugonjwa wa mtu itakayovuja.

Hatua inayofuata ni kuvuta ujumbe wa zamani, na hapa hesabu inahitaji utulivu. Tarehe 29 Mei 2025, Slack, ambayo tangu 2021 ni mali ya Salesforce, ilibadilisha masharti yake. Programu mpya zinazosambazwa kibiashara bila kupitishwa kwenye soko lake la programu zikaruhusiwa ombi moja tu kwa dakika kwenye njia za conversations.history na conversations.replies, kila ombi likirudisha ujumbe usiozidi 15. Programu ambayo timu imejitengenezea kwa matumizi ya ndani ilibaki na maombi 50 na zaidi kwa dakika, hadi ujumbe 1,000 kwa ombi. Chukua chaneli yenye ujumbe 100,000. Kwa njia ya kwanza utahitaji zaidi ya siku nne na nusu mfululizo. Kwa njia ya pili ni kama dakika mbili.

Na hapo hujagusa majibu. Njia ya historia huleta ujumbe wa juu tu. Majibu yaliyo ndani ya uzi (thread) huombwa uzi mmoja mmoja. Nyuzi 20,000 kwa ombi moja la dakika ni karibu wiki mbili. Kwa maombi 50 kwa dakika, kazi hiyo haifiki saa saba. Masharti hayohayo yalikataza kutumia data inayovutwa kupitia njia hizo (API) kufundisha modeli kubwa za lugha. Kwa hiyo anayeletewa bidhaa ya nje aulize mapema: programu yenu imepitishwa na Slack, au mtatusubirisha wiki mbili?

Ujumbe mpya huingia kwa njia nyingine. Slack hutuma tukio kwenye seva yenu kila mtu anapoandika, na hutaka ijibiwe ndani ya sekunde 3; isipojibiwa, hutuma tena. Seva ipokee, ijibu papo hapo, kisha ichakate baadaye. Tukio lililotumwa mara mbili lisihifadhiwe mara mbili: kitambulisho cha chaneli pamoja na muhuri wa muda wa ujumbe vinatosha kutambua kila ujumbe. Matukio ya kuhariri na kufuta yana uzito uleule. Mtu akifuta nenosiri alilolibandika kwa bahati mbaya, halafu mtambo ukaendelea kulihifadhi, mmemnyima haki aliyodhani anayo.

Sasa tuutazame uzi wenyewe. Tuseme mtu ameandika saa tatu asubuhi: "Malipo yanagoma, wateja wanalalamika." Mwenzake anajibu: "Seva iko down?" Wa tatu: "Hapana, cheti cha usalama kimeisha muda." Baada ya nusu saa: "Nimekihuisha. Imepita." Ukihifadhi kila ujumbe kama kipande chake, "Imepita" haina maana yoyote, na cheti hakina uhusiano na malipo. Atakayeuliza miezi sita baadaye kwa nini malipo yanagoma ataletewa malalamiko bila dawa. Uzi mzima uhifadhiwe kama kipande kimoja, pamoja na jina la chaneli na tarehe. Hilo peke yake linaweza kuboresha majibu kuliko kubadilisha modeli.

Kipande hicho hugeuzwa kuwa vekta, yaani orodha ya namba zinazobeba maana yake. Chagueni modeli iliyofundishwa lugha nyingi. XLM-R ya 2019 ilijumuisha Kiswahili, na LaBSE ya Google ya 2020 vilevile, kwa hiyo hakuna sababu ya kukubali mtambo wa Kiingereza kitupu. Kwa timu inayoandika "seva iko down" katikati ya Kiswahili, jambo hili si la hiari. Hata hivyo vekta hazitoshi. Namba ya ankara au ya hitilafu haina maana ya kubeba. Inatafutwa herufi kwa herufi. Tumieni njia zote mbili kwa pamoja.

Narudi kwenye ruhusa, maana ndipo hatari ilipo. Kuchuja kufanyike kabla modeli haijapewa chochote: muulizaji yupo kwenye chaneli gani leo, si mwezi uliopita. Kuiagiza modeli kwa maneno isitoe siri si ulinzi. Agosti 2024 kampuni ya usalama ya PromptArmor ilionyesha kwamba maagizo yaliyopandwa kwenye chaneli ya wazi yangeweza kuifanya Slack AI, akili mnemba ya Slack yenyewe, imtengenezee mtumiaji kiungo kilichobeba siri kutoka chaneli yake ya faragha, akikibofya inamfikia mshambuliaji. Slack ilirekebisha. Funzo linabaki kwa kila anayejenga mtambo wa aina hii: ujumbe uliovutwa ni maandishi ya kusomwa, na modeli inaweza kuuchukulia kama amri. Viungo vya nje kwenye majibu vizuiwe.

Sheria nayo ipo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zote mbili zinataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililowekwa wazi. Wafanyakazi waambiwe chaneli zipi zinasomwa.

Kabla ya kuwafungulia watu wote, fanyeni jaribio hili. Kama mmeruhusu chaneli za siri, undeni moja ya watu wawili, muandike humo sentensi isiyopatikana kwingine, kisha mtu wa tatu aiulizie. Halafu andikeni nyingine kwenye chaneli ya wazi, muifute, muiulizie tena. Sentensi yoyote kati ya hizo ikionekana hata mara moja, mtambo haujawa tayari kutumika.