Kukwea si Kupanda Tu

Katika maandishi ya Kiswahili yanayohusu michezo ya milimani, neno moja hubebeshwa mzigo wa maneno mawili. "Kupanda mlima" hutumika kwa atembeaye siku kadhaa kuelekea kilele cha Kilimanjaro, na pia kwa yule ajivutaye kwa ncha za vidole juu ya jabali lililosimama wima. Wa kwanza huhitaji pumzi na miguu. Wa pili huhitaji nguvu za vidole na ustadi wa kuweka nyayo. Mwalimu akipewa mwongozo wa "mazoezi ya kupanda mlima", hatajua amwandae nani.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Tunalo neno "kukwea", na mkwezi wa minazi ni fundi wa kazi hiyo. Aidha "kidato", mbali na maana yake ya shuleni, ni mkato uliotiwa katika shina la mnazi ili mkwezi akanyage. Basi pa kukanyaga mwambani paitwe kidato, na pa kushika paitwe kishikio.

Kosa la pili ni kutohoa bila kuuliza asili. Mwaka 1988, Mjerumani Wolfgang Güllich alitundika ubao wenye vipandio vya mti katika ukumbi wa mazoezi ulioitwa Campus, mjini Nürnberg, akawa anaukwea kwa vidole pasipo miguu. Mwaka 1991 akaikwea njia ngumu iitwayo Action Directe. Ubao ukarithi jina la ukumbi. Tukisema "ubao wa kampasi", msomaji atadhani ni mali ya chuo kikuu. "Ngazi ya vidole" yaeleza chombo, na kiungo kinachotaabika.

Suala hili si la urembo wa lugha. Kano huimarika polepole kuliko misuli, na vidole vya vijana ambao mifupa yao ingali inakua vyaweza kuumizwa na zoezi hilo. Kwa hiyo tutenganishe: "kufundisha" ni kutia ustadi; "kuzoeza" ni kuujenga mwili kwa kipimo. Asiyetenganisha mawili haya atamwongezea mwanafunzi mzigo pale alipohitaji kusahihishwa nyayo tu.

Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa wanaowafahamu wakwezi wa minazi, wanaombwa watuletee.