Mnara wa fukusi: asante imefika kwa nani?

Wandugu, sisi tuliosoma agronomi tulifundishwa kumchukia fukusi. Unamkuta ndani ya mahindi, ndani ya maharagwe, unatafuta dawa. Sasa iko mji mmoja Marekani, Enterprise, jimbo la Alabama, ambako watu walimjengea fukusi mnara katikati ya barabara. Si mzaha. Ulizinduliwa tarehe 11 Desemba 1919. Katika minara yote ya kilimo ninayoijua, huu njo wenye akili kuliko yote. Lakini pia unanikera.

Historia yenyewe ni hii. Fukusi wa pamba, Anthonomus grandis, alivuka kutoka Mexico akaingia Texas karibu na mwaka 1892. Kufika 1915 alikuwa tayari Coffee County, wilaya ya Enterprise. Jike linatoboa tumba la pamba, linataga yai ndani, na funza anakula kutoka humo humo, dawa ya kunyunyiza inamkosa. Wakulima wa pale walikuwa wamezoea pamba, tena pamba, basi. Mwaka 1916 mtu wa banki, H. M. Sessions, alimsaidia mkulima mwenye madeni, C. W. Baston, alime karanga. Baston alivuna, akalipa deni, majirani wakaona. Mwaka 1917 Coffee County iliongoza Marekani nzima kwa karanga. Mfanyabiashara Bon Fleming akatoa wazo la kumshukuru mdudu.

Sanamu ilitengenezwa Italia: mwanamke wa mtindo wa Kigiriki, mikono juu. Na kwa miaka 30 mdudu mwenyewe hakuwepo! Asante imeandikwa chini, mwenye kushukuriwa haonekani. Ni Luther Baker aliyemtengeneza na kumweka mikononi mwa yule mama mwaka 1949.

Sasa shida yangu. Mnara unataka tuamini kwamba mdudu njo alifundisha wakulima kuacha pamba. Mimi sikubali. Karanga hazikuwa siri. George Washington Carver alikuwa Tuskegee, jimbo lile lile, tangu 1896, akieleza watu kwamba karanga na kunde zinarudisha naitrojeni katika udongo uliochoshwa na pamba. Kijitabu chake juu ya karanga kilitoka 1916. Ujuzi ulikuwepo. Lakini mkulima asiye na shamba lake, yule wa kugawana mavuno na mwenye shamba, weusi wengi na weupe maskini pia, alikopa mbegu na chakula kabla ya msimu. Mwenye kukopesha alitaka pamba, juu pamba ina soko na hailiwi nyumbani. Utamwambia nini huyo mkulima juu ya mzunguko wa mazao? Baston mwenyewe alibadilisha zao siku mtu wa banki alipokubali. Kwa hiyo mdudu alimfundisha mwenye pesa, si mwenye jembe.

Wengine wetu tunalielewa jambo hili bila kwenda mbali. Babu yangu alilimishwa pamba kwa lazima wakati wa Wabelgiji. Hakuna mtu aliyemuuliza kama anajua kulima mihogo.

Na wale ambao hakuna aliyewapa mkopo? Fukusi, pamoja na ubaguzi na mauaji ya kunyongwa, alisukuma familia nyingi za watu weusi kutoka Kusini kwenda Chicago, Detroit na miji mingine ya kaskazini. Kwao mdudu hakuleta neema yoyote. Waliweka kumbukumbu yao kwa njia nyingine: waliimba. Charley Patton wa Mississippi alirekodi wimbo juu ya fukusi mwaka 1929. Ukitaka kujua historia ya ule mdudu, sanamu peke yake haitoshi, sikiliza na blues.

Nisieleweke vibaya, sisemi waubomoe. Mji unaokubali mbele ya watu wote kwamba ulilima vibaya ni mji wa kuheshimiwa. Tayari wahuni waliuharibu mwaka 1998. Sanamu ya asili iko makumbusho, ile ya barabarani ni nakala. Ingekuwa mimi niliyesimamia ile nakala, chini ya maneno ya 1919 ningeongeza bamba dogo: jina la Carver, na mstari mmoja wa wale waliopanda treni.