Nyota, reli, ishirini na moja: tuzipime video za "simu yako imedukuliwa"

Video zenyewe unazijua. Kijana ameshika simu, muziki wa kutisha unapiga nyuma, anakuambia ubonyeze *#21# sasa hivi uone kama kuna mtu anakusikiliza. Halafu *#62#. Halafu ##002# ya "kumfukuza mdukuzi". Mwisho anakupa kiungo cha kupakua programu itakayorudisha kila kilichofutwa, ili ujue nani aliishika simu yako ukiwa umelala. Dakika moja na nusu tu, na jioni hiyo hiyo imeshafika kundi la familia, la kwaya na la darasa.

Nimezichukua kadhaa nikazisoma kama ambavyo tungesoma makala ya kisayansi hapa: dai ni lipi, ushahidi uko wapi, hitimisho linafuata? Kazi hii inastahili kufanywa, kwa sababu watu wengi zaidi wanafuata video hizi kuliko kitabu chochote cha usalama wa kompyuta.

Tuanze na namba. Ukibonyeza *#21#, huiulizi simu yako chochote. Unauliza mtandao: je, laini hii imewekewa amri ya kupeleka simu zote zinazoingia kwenye namba nyingine? Jibu linatoka kwenye kumbukumbu za wateja zilizoko kwa kampuni ya simu, linakuja tu kujionyesha kwenye kioo chako. *#62# ni swali lile lile, ila kwa wakati simu haipatikani. Na hapo ndipo balaa linapoanza, maana laini nyingi zinajibu kwa namba usiyoijua, ambayo mara nyingi ni ya kampuni yenyewe, ya kupokea ujumbe wa sauti. Mtengeneza video anasema "ukiona namba, umedukuliwa". Sasa mpe jibu hilo mtu ambaye tayari anamshuku mwenzake ndani ya nyumba, uone usiku utakavyokuwa.

Nisizionee. Kuhamisha simu ni hila ya kweli. Tapeli akikushawishi ubonyeze namba fulani, simu zako zikaanza kuingia kwake, anaweza kupokea hata namba ya uthibitisho inayosomwa kwa sauti. Kwa hilo, *#21# inafaa na ##002# inafuta. Lakini programu ya ujasusi iliyokaa ndani ya simu haihitaji kuhamisha simu yoyote. Inasoma kioo, inafungua maikrofoni, inatuma kwa bando lako mwenyewe. Namba za nyota na reli haziwezi kuiona, ni kama kumuuliza karani wa posta kama kuna mwizi chumbani kwako.

Dai la pili, la programu zilizofutwa, lina utamu zaidi. Ukiingia Play Store, sehemu ya kudhibiti programu, ukachagua zile ambazo hazijasakinishwa, utapata orodha ya ulizowahi kuwa nazo. Video zinaionyesha kama kumbukumbu ya simu. Siyo. Ni kumbukumbu ya akaunti. Inabeba hata programu za simu uliyouza miaka mitatu iliyopita, mwenye akaunti anaweza kuondoa jina humo, na programu iliyoingizwa kwa faili la APK nje ya duka haimo kabisa. Programu nyingi za kumpeleleza mtu wa karibu huingizwa kwa njia hiyo ya nje. Yaani orodha inakuonyesha kila kitu isipokuwa unachokitafuta.

Na ile ya "kurudisha vilivyofutwa"? Simu za siku hizi hufunga mafaili kwa usimbaji, na faili likifutwa funguo zake nazo hupotea. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni vumbi. Programu inayoahidi kulirudisha vumbi hilo, huku ikiomba ruhusa ya kusoma picha, ujumbe na majina yako yote, ndiyo ya kuogopwa kwanza.

Sasa, je, kitu kilichofutwa hakiachi alama? Kinaacha, ila si pale video zinapotazama. Mfano ninaoupenda ni wa Pegasus. Julai 2021, maabara ya usalama ya Amnesty International ilieleza jinsi ilivyoikamata kwenye iPhone. Simu hizo zina hifadhidata ndogo inayoandika kila mchakato umetumia data kiasi gani. Jedwali moja linatunza majina ya michakato, jingine linatunza matumizi yake, na safu za majedwali hayo zinaelekezana kwa namba. Pegasus ilijifuta jina kwenye jedwali la kwanza, ikasahau la pili. Kukabaki matumizi ya data yasiyo na mwenyewe. Wachunguzi hawakuhitaji kurudisha kilichofutwa. Walitafuta mahali ambapo kumbukumbu mbili hazikubaliani.

Huo ndio uchunguzi wenyewe, na unaeleza kwa nini ushauri mmoja wa video hizi unanikera kuliko yote: "ukiona dalili, fomati simu mara moja". Chukua kisa cha Nairobi. Mei 2025 watengeneza filamu wanne walikamatwa, polisi wakiwahusisha na filamu ya BBC, Blood Parliament, iliyohusu mauaji ya waandamanaji wa Juni 2024. Vifaa vyao vilichukuliwa, vikarudishwa Julai. Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto ikavichunguza na kukuta FlexiSPY, programu ya ujasusi inayouzwa kwa yeyote mwenye pesa, iliyosakinishwa katika kipindi ambacho simu zilikuwa mikononi mwa polisi. Tarehe ya kusakinishwa ndiyo uzito wote wa jambo hili. Kama wenyewe wangefuata ushauri wa video wakazifomati siku walipozipokea, tarehe ingeondoka, na wakili angebaki na maneno matupu.

Dalili nazo tuzipime. Betri kuisha haraka? Yangu inaisha haraka na mpelelezi wangu ni umri wake. Ujumbe kwamba kifaa kinasimamiwa na shirika? Kama simu umeichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, huenda ni mfumo wa mkopeshaji wa kuifunga usipolipa. Vya kutazama ni vingine, na havina muziki wa kutisha: programu zilizopewa huduma za ufikivu, zilizofanywa wasimamizi wa kifaa, zilizoruhusiwa kusakinisha nyingine kutoka nje ya duka, Play Protect kama imezimwa, vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako. Na simu ikiwaka na onyo kwamba mfumo umefunguliwa, ilhali hukuufungua wewe, hilo si la kupuuza.

Wataalamu nao nisiwaache. Amnesty ilitoa bure zana yake, MVT, mwaka huo huo wa 2021. Ni zana nzuri, lakini inaendeshwa kwa kuandika amri, maelekezo yake ni ya Kiingereza, na watengenezaji wenyewe wanasema haikukusudiwa mtu wa kawaida ajipime nyumbani. Isitoshe, walikiri kwamba iPhone huacha alama nyingi za kuchunguza kuliko Android ya kawaida. Tazama simu za watu kwenye daladala utajua sisi tuko upande gani. Pengo hilo ndilo linalojazwa na kijana wa video, na hatuwezi kumcheka tu wakati upande wetu haujaandika hata ukurasa mmoja ambao mama yangu angeweza kuufuata.

Kwa hiyo ukirudishiwa simu na mtu usiyemwamini, usiifomati, usimpelekee fundi wa mtaani, wala usizungumzie jambo hilo kupitia simu hiyo. Andika siku na saa uliyoipokea. Kwa simu nyingine, tafuta wakili au dawati la msaada la Access Now, ambalo hupokea wanahabari na wanaharakati saa 24. Wachunguzi wakikusanya wanachohitaji, na iwe ni kabla ya kuifomati, ndipo uamue kama simu hiyo bado unaitaka.