Milimita 0.83 Zilizosamehewa Pendon

Makumbusho ya Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham, Oxfordshire, yana sifa kubwa miongoni mwa wapenzi wa treni za mfano wa Uingereza. Kuta za nyumba zake ni za kadibodi, na kila tofali limepakwa rangi peke yake. Mapaa ya nyasi yameezekwa kwa nyuzi za katani, zile ambazo mafundi bomba huzungushia kwenye maungio. Mwanzilishi wake, Roye England, alikuwa Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925, akaona nyumba za kale za Bonde la White Horse zikibomolewa au kugeuzwa sura, akaamua kuzihifadhi kwa kuzijenga upya, ndogo mara 76. Makumbusho yenyewe yalianza 1954.

Sasa chukua rula upime upana wa reli zake. Ni milimita 18. Hesabu ya skeli hiyo, ambayo kila futi moja ya kitu halisi huwa milimita 4, inadai 18.83.

Watu waliokuwa tayari kupaka tofali moja moja waliziachaje milimita 0.83? Ukizirudisha kwenye ukubwa halisi ni pengo la milimita 63. Jibu la haraka ni kwamba walichoka, au wakati ule hakukuwa na vipuri. Jibu hilo halinitoshi. Ukifuata hesabu ya magurudumu utaona pengo lile lilikuwa na kazi yake, na ndani yake kuna jibu la swali ambalo wapenzi hawa hugombania miaka nenda rudi: mfano ufanane na kitu halisi kiasi gani?

Tuanzie kwenye kosa kubwa zaidi. Marekani na Ulaya bara, skeli iliyoshika soko ni HO, yaani 1:87, juu ya reli za milimita 16.5. Zidisha 16.5 kwa 87 upate takriban 1,435, upana kamili wa reli nyingi za dunia, zikiwemo za SGR zinazotoka Mombasa na Dar es Salaam. Hapo hakuna la kulalamikia. Lakini reli za Uingereza zilitangulia, madaraja na mahandaki yake ni mafinyu, na kwa hiyo injini zake za mvuke ni nyembamba kuliko za Wajerumani au Wamarekani. Mota za umeme za miaka ya 1920 na 1930 hazikuenea ndani ya boila la Kiingereza lililopunguzwa mara 87. Watengenezaji wakakuza mwili wa injini hadi milimita 4 kwa futi na kuiacha reli palepale kwenye 16.5. Ndiyo OO, ambayo Hornby Dublo ya mwaka 1938 iliisambaza majumbani.

Kwa hiyo treni ya 1:76 inatembea juu ya reli ya 1:87. Kwa ukubwa halisi, reli hiyo ingekuwa na upana wa milimita 1,257 tu, pungufu ya 178. Itazame injini ya OO kwa mbele, ana kwa ana, utaona mtu mnene aliyevaa viatu vya mtoto.

Wengi huishia hapo na kuitupia OO lawama. Twende chini zaidi, kwenye gurudumu.

Gurudumu halisi la treni lina upana wa takriban milimita 140, na ule ukingo wake wa ndani unaolizuia lisitoke relini unashuka chini kwa takriban milimita 28 hadi 30. Gawanya kwa 76: upana 1.8, ukingo chini ya 0.4. Gurudumu la namna hiyo haliwezi kutembea kwenye vipande vya reli ambavyo mtoto ameviunganisha juu ya zulia. Ndiyo maana viwanda huyanenepesha. Umbo linalotumika sana, RP-25 la chama cha Marekani cha NMRA, kwa saizi yake ya 110 lina upana wa milimita 2.79 na ukingo unaofika 0.64. Kila gurudumu limeongezeka unene kwa karibu milimita moja.

Hapo ndipo penye kiini. Katika injini ya mvuke ya kawaida, nje kidogo tu ya uso wa gurudumu ndipo zinapopita fito zinazotoka kwenye silinda kwenda kuyasukuma magurudumu. Kwenye kitu halisi, kutoka uso wa nje wa gurudumu la kushoto hadi uso wa nje wa gurudumu la kulia ni kama milimita 1,640, yaani 21.5 kwenye skeli yetu. Weka magurudumu manene ya 2.79 juu ya reli sahihi ya 18.83, upana huo unapita 22. Nusu milimita kila upande inatosha kabisa kuzifanya fito zigonge, na ili zisigonge itabidi silinda zisogezwe nje mpaka injini yote ionekane imevimba mbavu. Yafunge magurudumu yale yale kwa vipimo vya OO, upana wa nje unashuka hadi kama 20: fito zinapita na nafasi inabaki. Reli nyembamba imeumeza unene wa magurudumu. Kosa moja limelipia jingine, na limelipa kupita kiasi.

Rudi Pendon. Mfumo wao, EM, unaacha milimita 16.5 kati ya migongo ya magurudumu mawili, na gurudumu lina upana wa takriban 2.3. Jumlisha: 21.1. Hiyo iko karibu sana na 21.5 ya kitu halisi, na iko mahali hasa pale ambapo mwili wa injini unakutana na magurudumu yake. Silinda zinakaa kwenye nafasi yake, na vifuniko vya magurudumu havihitaji kupanuliwa. Milimita 0.83 zilizokosekana kati ya reli zimetumika kugharimia gurudumu lililo nene kidogo, gurudumu ambalo linaweza kukimbia siku nzima mbele ya wageni bila kuanguka. Hivyo ndivyo ninavyoisoma hesabu ile, na sioni uvivu ndani yake.

Wapo waliokataa hata msamaha huo. Katika miaka ya 1960 kikundi cha Waingereza kilipunguza kila kipimo cha reli na gurudumu kwa skeli moja bila huruma, wakaiita kazi yao Protofour: reli 18.83, gurudumu jembamba, ukingo mfupi kama hesabu inavyotaka. Bei yake ilijitokeza upesi. Behewa la mizigo la magurudumu manne lenye ekseli zilizokazwa husimama kwa magurudumu matatu mara tu reli inapopinda kidogo kwenda juu au chini. Ukingo wa 0.64 bado utaling'ang'aniza lile la nne. Ukingo wa 0.4 utapanda juu ya reli, na behewa litalala chali. Kwa hiyo kila behewa, hata la makaa la bei rahisi kuliko yote, lazima ekseli yake moja iweze kuyumba au ikae juu ya springi, sawa na treni yenyewe. Kona nazo zinagoma. Kona ya pili ya Hornby ina nusu kipenyo cha milimita 438, sawa na mita 33 za kweli, ambayo hakuna injini ya treni ya haraka iliyowahi kuipita. Kona halisi ya mita 400 inataka zaidi ya mita 5 kwenye sakafu yako. Mwenye chumba kimoja anapata kipande kifupi cha reli kilichonyooka, kizuri ajabu.

Nawaheshimu watu wa 18.83. Ukiinama macho yakawa usawa wa reli, ukatazama mahali njia mbili zinapoachana, ni kazi yao peke yake isiyokupa wasiwasi, maana mianya ya kupitishia kingo za magurudumu ni myembamba kama ya kweli. Lakini ni lazima uiname. Pendon reli imewekwa ndani ya mandhari: unaiona kwa ubavu, ng'ambo ya mashamba na bustani, na kwa ubavu upana wa reli hauonekani hata kidogo.

Na kuna jambo ambalo wenye msimamo mkali hulipitia haraka. Kijiji kile cha Pendon Parva hakipo popote Uingereza. Nyumba zake ni za kweli, zimepimwa na kunakiliwa kutoka vijiji mbalimbali vya bonde, kisha zikapangwa pamoja mahali pasipokuwepo. Isingewezekana vinginevyo: maili moja kwa skeli hiyo ni mita 21. England aliuweka usahihi wake kwenye kile alichotaka kisipotee, yaani nyumba, na kwa mengine akakubaliana na ukumbi aliokuwa nao. Mtu aliyezaliwa katika moja ya nyumba zile angeligundua bomba la moshi lililowekwa upande usio wake.

Jengo hilohilo limehifadhi kazi iliyo kinyume kabisa. John Ahern alianza kuijenga reli ya Madder Valley mwishoni mwa miaka ya 1930. Njia ni ya kubuni, reli ni zile za 16.5, na injini zimeigwa kutoka reli ambazo hazijawahi kukutana. Kwa vipimo haifikii hata robo ya mtihani. Ila inavuta macho, kwa sababu kila kitu ndani yake kimekosewa kwa kiwango kilekile. Nyumba, miti, laini, mabehewa, vyote vimetoka mkono mmoja na ulaini wake ni mmoja, na hakuna kinachomsuta jirani yake. Huko Monterey, California, mpiga picha John Allen alikwenda mbali zaidi: kwenye reli yake ya kubuni ya Gorre & Daphetid alimweka dinosauri wa aina ya stegosauri, jina lake Emma, afanye kazi ya kusukuma mabehewa stesheni. Utani ulipita kwa kuwa kutu, vivuli na vumbi vilivyomzunguka Emma vilikuwa sawasawa. Allen alifariki 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza sehemu kubwa ya kazi yake. Zilizobaki hasa ni picha zake.

Ndiyo maana mifano ya kisasa ya kiwandani inanitia mashaka zaidi kuliko kazi ya Ahern. Mwili wa injini una kila ribiti, na maandishi ubavuni yanasomeka kwa kioo cha kukuzia. Chini yake ni reli ya dukani yenye kimo cha milimita 2.54, sawa na 194 za kweli, wakati reli ya Kiingereza ya zamani ilikuwa kama 145. Tena mataruma yake mara nyingi yamepangwa kwa skeli ya HO. Kila kiwanda kinapoongeza ribiti juu, reli ya chini inazidi kuumbuka. Fedha ya ribiti hizo ingenunua reli yenye kimo cha 1.9, na jicho lingepumzika.

Tuijaribu hesabu hii nyumbani. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi zimesimama Mount Gelai na Mount Shengena, namba 5918 na 5930, mbili kati ya injini 34 za Garratt za daraja la 59 ambazo Beyer, Peacock wa Manchester waliziunda 1955 na 1956 kwa ajili ya reli zetu za Afrika Mashariki. Urefu mita 31.7, uzito zaidi ya tani 250. Kwa 1:87 utapata injini ya milimita 365 ambayo, kama uzito nao ungepungua kwa haki, ingekuwa na gramu kama 390. Reli yake ni ya mita moja, kwa hiyo 11.49. Zinazouzwa ni za 12.

Mtu wa haraka atasema nusu milimita si kitu, Pendon wamesamehe zaidi. Hapana. Kule reli ilikuwa nyembamba na gurudumu nene, vikafidiana. Hapa reli ni pana kupita kiasi na gurudumu la dukani ni nene vilevile, vyote viwili vinasukuma nje, na injini hii ina seti mbili za silinda na fito za kugongana. Ningenunua reli ya 12 bila kusita, maana boila la Garratt hii ni pana zaidi ya maradufu ya reli yake na linazifunika njia vizuri, lakini ningetafuta magurudumu ya milimita 2 au karibu na hapo na kufidia upande huo.

Muda utakaookolewa ningeupeleka kwenye bomba la moshi. Injini hizi zilianza kazi na bomba la kawaida, kisha zikafungiwa la Giesl, bapa na refu. Mstaafu wa karakana ya Nairobi hatakuuliza upana wa reli. Atakuuliza hii ni ya mwaka gani.